Mama anatoka Makete, nataka kumpandisha Dog Mountain wakati wa maua. Ataweza?

BintiMakete (24 Aprili)

Habari zenu ndugu zangu mlioko huku Marekani, Portland, Gresham, Vancouver na pande zote za mto Columbia. Shikamooni wakubwa.

Mama yangu anaingia tarehe 9 Mei. Hajawahi kupanda ndege maishani mwake, na mimi sijamtia machoni miaka sita sasa. Ana miaka 63. Atakaa nami miezi mitatu. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, nikirudi asubuhi ni kulala, kwa hiyo siku zangu za kutoka naye ni Jumatatu na Jumanne peke yake. Sitaki siku hizo ziishie madukani.

Mwaka jana mwezi wa tano mwenzangu wa kazini alinionyesha picha kwenye simu. Mlima umefunikwa na maua ya njano kuanzia juu mpaka unapotelemkia mtoni, katikati kuna mengine ya zambarau. Nikamuuliza, hii picha umeipata wapi, umefika kwetu lini? Nilijua kabisa ni Kitulo. Akacheka, akasema ni Dog Mountain, ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Washington, saa moja na kitu kutoka nyumbani kwake.

Kwa wasiopajua kwetu: kijiji chetu kiko Makete, pembezoni mwa Uwanda wa Kitulo. Hifadhi ya taifa imekuwa mwaka 2005, lakini watu wa kule walikuwa wanapaita Bustani ya Mungu kabla ya bango lolote kuwekwa. Mvua zikishika Novemba, nyasi zinaanza kufichwa na maua, na kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili hakuna anayepita bila kusimama. Mama alikuwa akitupeleka kwa dada yake Jumapili baada ya ibada, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na tulikuwa tunafika kwa saa tatu kwa sababu yake yeye. Anasimama, anainama, anakwambia hili mama yangu alikuwa analitia kwenye dawa ya tumbo, hili ng'ombe hali, hili ni la chikanda, okidi yenye viazi vya kuliwa. Halafu akifika kwenye chikanda ananyamaza. Anawakumbuka watu waliokuja na majembe na viroba kuchimba viazi vyake vikauzwe Zambia, na anazijua sehemu ambazo zamani zilikuwa zimejaa maua hayo na sasa ni majani matupu.

Sasa nimekuwa nikisoma kuhusu huu mlima na nimeogopa. Kila mtu anaandika kwamba ni mkali sana. Mama mapafu anayo, analima viazi mviringo kwenye miinuko mpaka leo. Ila goti la kulia linamsumbua tangu mwaka juzi, hospitali walimwambia linasagika, na anatumia dawa ya presha kila asubuhi. Pia havai suruali. Hajawahi, na sijui nitaanzaje kumwambia.

Aliyewahi kupanda na mzazi wake anisaidie. Nimpeleke au nimwonyeshe picha tu? Nikimpeleka, wiki gani, njia ipi? Na choo kipo?


NyeriMpakaPDX (24 Aprili)

Karibu sana kwa mama, na Mungu amfikishe salama.

Mimi ni nesi, kwa hivyo nitaanza na presha. Kama imetulia na dawa, kupanda pole pole si shida. Shida ni mtu kuruka dawa siku hiyo kwa sababu anaogopa kukojoa njiani. Naiona kila mara kwa akina mama. Mweleze mapema kwamba choo kiko hapo chini mwanzo wa njia, na akihitaji huko juu msitu ni mkubwa, hakuna atakayemcheka. Anywe dawa yake, anywe maji yake. Maji ya bomba hapo hakuna, mbebe kutoka nyumbani. Lita mbili kila mtu, usipunguze.

Suala la suruali si la mtindo. Sehemu ya chini ya huo mlima imejaa mmea wanaouita poison oak. Majani yake hukaa matatu matatu, yanang'aa kidogo, mengine mapya yana wekundu. Ukiyagusa, mafuta yake yanabaki kwenye ngozi na kwenye nguo, na baada ya siku moja au mbili unatoka malengelenge yanayowasha mpaka hulali. Nimemhudumia kijana aliyepata kwa kumshikashika mbwa wake tu, mbwa ndiye aliyepita kwenye majani. Na kuna kupe pia. Kwa hivyo mguu wa mama usiwe wazi. Anaweza kuvaa suruali ya kubana ndani na kitenge juu, soksi avute juu ya suruali. Jioni mkirudi, nguo zote moja kwa moja kwenye mashine na yeye aoge na sabuni. Umkague kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Kuhusu goti nawaachia waliopanda na wazee.


MzeeWaLushoto (25 Aprili)

Marahaba binti yangu. Mfikishie salamu dada yangu huyo akifika, mwambie kuna Msambaa mmoja huku anamngojea kwa hamu kama wewe.

Huu mlima nimeupanda kila mwaka mwezi wa tano, miaka kumi na minne sasa. Mara mbili niliupanda na mama mkwe wangu, alikuwa na miaka 66, naye goti lake lilikuwa bovu. Kwa hiyo nitakwambia ninayoyajua kwa miguu yangu.

Kwanza ondoa hofu ya urefu. Kilele cha Dog Mountain ni mita 899 kutoka usawa wa bahari. Jikoni kwa mama yako ni zaidi ya mita 2,000. Yaani akiwa juu kabisa pale, bado yuko chini sana ya mahali anapochemshia chai. Hewa ya huku kwake itakuwa nzito na tamu. Kinachowachosha watu ni kwamba unaanzia karibu kabisa na mto, kwa hiyo unapanda kama mita 850 kwa njia isiyofika kilomita sita. Ni mpando usiopumzisha. Lakini mtu aliyekulia kwa watu wanaokwenda Chimala kwa barabara ya Hamsini na Saba, kona hamsini na saba za kuhesabu, mimi siwezi kumfundisha mpando.

Goti litasumbua wakati wa kushuka. Kupanda kunatumia moyo na mapaja, na hivyo anavyo. Kushuka ndiko kunakopiga goti nyundo, hatua kwa hatua, saa mbili mfululizo. Kila mpango wako upange kwa kuanzia kwenye kushuka.

Basi ni hivi. Njia inaingia msituni mara moja, misonobari mirefu, giza giza, na kilomita ile ya kwanza ni kali na haina cha kutazama. Wengi hukata tamaa hapo, si kwa uchovu, ni kwa kudhani mlima mzima uko hivyo. Mwandae mama. Halafu utakuta njia panda yenye kibao: kushoto ngumu zaidi, kulia nafuu. Shika kulia. Watu watakwambia ni kwa sababu ya unafuu, na ni kweli, lakini sababu yangu ni nyingine. Ya kushoto inabaki ndani ya msitu muda wote mpaka huko juu. Ya kulia inatokeza katikati ya mlima kwenye uwanda wa majani, mto uko chini yako, na maua yapo. Mama akifika pale goti likikataa, geuzeni. Atakuwa ameshayaona. Hatarudi mikono mitupu. Mama mkwe wangu safari ya kwanza tuligeukia pale, tukakaa saa nzima, na aliisimulia siku ile mpaka alipofariki.

Mkiendelea, msitu unawameza tena, njia mbili zinakutana, na mpando unakaza. Halafu ghafla miti inakwisha. Pale zamani palikuwa na kibanda cha mlinzi wa moto wa msitu, panaitwa Puppy. Kuanzia hapo ni maua mtupu. Ya njano ndiyo wanayoyaita balsamroot, ni ya ukoo wa alizeti, ua lenyewe kama alizeti ndogo na jani pana kama la mshale. Ya zambarau ni lupini. Mekundu utayaona machache machache, kama brashi iliyochovywa rangi. Upande wa magharibi unaona Wind Mountain imesimama kama kichuguu, na ng'ambo ya mto, upande wa Oregon, ni Mount Defiance, na mara nyingi bado ina theluji mwezi wa tano.

Na hapo ndipo upepo ulipo. Usichukulie mzaha. Bonde hili la Columbia linavuta upepo kama bomba la jiko, ndiyo maana kule Hood River watu wanatoka duniani kote kuja kuteleza juu ya maji kwa matanga. Msituni mtakuwa mnatoka jasho, mkifika Puppy jasho linageuka barafu. Koti livaliwe kabla ya kutokeza, mkiwa bado nyuma ya mti wa mwisho. Kitenge afunge kwa fundo, na kilemba akikaze.

Sasa nikuombe jambo moja, na ndilo lililonifanya nikae kuandika yote haya. Kutoka Puppy kwenda kileleni njia ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima. Watu wanatoka nje ya njia kwenda kupigwa picha katikati ya maua. Mmoja anaingia, wa pili anafuata nyayo zake, ikifika jioni pamekuwa na kijia. Nimeona kwa macho yangu miaka hii kumi na minne vipara vikitanuka mahali palipokuwa pamefunikwa. Ule mmea hauchanui mwaka unaopandwa. Unakaa miaka kadhaa ukishusha mzizi chini kabla ya kutoa ua la kwanza, na ukishakanyagwa na udongo ukashindiliwa, mbegu hazishiki tena. Mama akitaka picha, akae pale pale njiani, au mngoje kileleni ambako ardhi iko wazi. Maua yatakuwa nyuma yake vile vile.

Nilivyosoma habari ya chikanda nilishtuka. Ule mzizi wa balsamroot wenyeji wa asili wa mto huu waliula toka zamani, na mbegu zake pia walizitwanga. Walichimba kwa kujua wachimbe wapi na waache wapi. Mama yako ataelewa kuliko wengi wanaopita pale. Mweleze tu kwamba siku hizi hapachimbwi wala hapachumwi.

Kushuka, usirudi mlikopandia. Kileleni kuna njia inayokwenda kukutana na ile ya Augspurger, inazunguka nyuma na kurudi pale pale penye magari. Ni ndefu kidogo lakini mteremko wake ni wa taratibu na udongo wake ni laini. Mpe fimbo mbili, moja haitoshi. Mwambie azirefushe wakati wa kushuka, ziguse chini kabla ya mguu.

Siku yako ya Jumanne ni bahati kubwa. Kuanzia majira ya maua mpaka katikati ya Juni, Jumamosi na Jumapili kila mtu anatakiwa awe na kibali, kwa sababu magari yalikuwa yanajipanga mpaka barabara kuu. Siku za kazi hakuna kibali, ni ada ya kuegesha tu, dola 5. Ila angalia Jumatatu ya mwisho ya Mei: hiyo ni sikukuu yao ya mashujaa, kibali kinatakiwa na umati ni mkubwa. Mimi ningekwenda Jumanne ya wiki ya tatu ya Mei, au inayofuata. Barabara ni ile ya 14, jiwe la maili 53, ukishapita Stevenson. Ukivukia Cascade Locks kuna daraja la kulipia, jiandae. Fikeni kabla ya saa moja na nusu asubuhi.

Chai ya tangawizi kwenye chupa. Usisahau hiyo.


MtuWaUvira (25 Aprili)

Dada, mzee amesema vizuri. Mimi naongeza kitu kimoja tu. Kabla ya Dog Mountain, mpeleke mama Catherine Creek, pia ni barabara ya 14, unaendelea mashariki, unapita Bingen. Kuna njia fupi ya lami, mimi naenda na mtoto kwenye kigari na baba yangu kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna mpando. Huko maua yanatangulia, toka mwezi wa tatu yameanza, kwa hiyo usichelewe, wiki hiyo hiyo akifika muende. Utaona goti lake linasemaje baada ya kukaa kwenye ndege masaa mengi vile. Akichoka hapo, mlima uache.

Baba yangu alilia pale. Alikuwa hajatoka nyumbani tangu tuhamie, miezi saba, kila siku dirishani. Ndiyo maana nakuambia mpeleke, usimwonyeshe picha.


BintiMakete (25 Aprili)

Nimesoma majibu yenu yote nikiwa kwenye basi na nimepitiliza kituo changu. Asanteni sana. MtuWaUvira, mpe pole na salamu baba. Nitarudi kuwaambia.


BintiMakete (28 Mei)

Nimerudi kama nilivyoahidi. Tulikwenda Jumanne.

Catherine Creek tulienda siku ya nne baada ya kufika kwake. Maua mengi yalikuwa yameanza kukauka, lakini alitembea njia yote ya lami mara mbili bila kukaa, na usiku goti halikuvimba. Hapo ndipo nilipopata moyo.

Suala la suruali lilikwisha kirahisi kuliko nilivyofikiri. Nilimwambia habari ya majani matatu na malengelenge, akaniuliza, "Kama upupu?" Nikasema zaidi ya upupu. Akavaa mwenyewe, kitenge juu, akafunga fundo mbili.

Tulifika saa moja na dakika kumi, magari yalishakuwa kama thelathini. Ile kilomita ya kwanza ni kama mzee alivyosema. Mama alipanda bila kusema neno, kwa mwendo ule ule mmoja, wa mtu anayekwenda shamba. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama. Mama alimsalimia kila aliyetupita, "Habari za asubuhi," na alisubiri ajibiwe kabla ya kupiga hatua nyingine. Nilimwambia mama hawaelewi. Akasema wanaelewa, na kweli kila mmoja alijibu kitu kwa lugha yake. Kuna mzee mmoja mwenye fimbo mbili, nadhani alikaribia miaka themanini, alisimama akavua kofia.

Kwenye njia panda tukashika kulia. Saa mbili na nusu kasoro tukatokeza kwenye ule uwanda wa kwanza.

Mama alisimama. Nilikuwa nyuma yake, sikumwona uso. Jua lilikuwa halijafika vizuri upande ule, maua yalikuwa na umande, na chini kwenye mto kulikuwa na tishari la nafaka linapanda taratibu, linasukumwa na meli ndogo nyuma. Treni ikapita upande wa pili, sauti yake ikafika imechelewa. Alikaa kwenye njia, pale pale, sikumwambia. Akashika jani moja la ule mmea wa njano, akaligeuza nyuma, akalinusa. Kisha akasema, "Kumbe Bustani anayo zaidi ya moja."

Nilimuuliza kama tugeuze. Aliniangalia kama nimemtukana.

Mpando wa pili ulimchosha. Tulipumzika mara tano, nilihesabu. Nyuma ya mti wa mwisho nikamvalisha koti, na tulipotokeza Puppy upepo ulimsukuma mpaka nikamshika mkono. Mzee, nakushukuru kwa hilo peke yake. Tuliwakuta vijana wawili wa fulana nyepesi wamejikunyata nyuma ya jiwe, midomo imebadilika rangi. Mama aliwamiminia chai yetu, kifuniko kwa zamu. Mmoja aliuliza imewekwa nini, nikasema tangawizi.

Kilichotokea baada ya hapo sikukitegemea. Tukiwa tunaelekea kileleni, mahali njia inapokunja, watu walikuwa wamekata kona, na udongo umemomonyoka. Mmea mmoja ulikuwa umebaki mzizi nje, mnene kama mhogo mdogo, una gome jeusi jeusi, na juu bado una maua mawili. Mama akapiga goti lile lile bovu. Nilidhani anataka kuchimba, nikamwambia mama hapa hairuhusiwi. Hakunijibu. Alianza kukusanya udongo kwa vidole kutoka kwenye ukingo wa njia, anaufikicha, anauweka kwenye mzizi, anashindilia kidogo kidogo kwa kiganja, kama anavyopandia viazi. Kisha akachagua mawe matatu akayapanga upande wa chini ili mvua isiubebe tena. Watu walisimama kwenye njia pande zote mbili, wakangoja, hakuna aliyepita. Ilichukua kama dakika kumi. Alipoinuka alisema, "Ukiachwa hivyo jua litaumaliza kabla ya mwezi kwisha." Basi. Akafuta mikono kwenye kitenge tukaendelea.

Kileleni tulifika saa tano na robo. Tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi. Aliniomba nimrekodi awatumie dada zake, na kwenye ile video hakujielekeza yeye hata mara moja, alizungusha simu kwenye maua tu, akisema hili halipo kwetu, hili linafanana na la kwetu, hili silijui.

Tulishuka kwa Augspurger. Ilituchukua saa tatu na dakika ishirini, na fimbo zote mbili zilifanya kazi yake. Saa ya mwisho alikuwa anachechemea. Usiku goti lilivimba, nikamwekea barafu, na nesi wetu NyeriMpakaPDX, nilimkagua kupe mpaka kwenye nywele, nikampata mmoja kwenye soksi, hajauma. Jana alishinda ameinua mguu kwenye mto wa kiti. Leo asubuhi nimemkuta jikoni anasonga ugali saa kumi na mbili.

Anauliza maua ya huku yanaisha lini. Nimemwambia sijui, nitauliza. Yupo mpaka tarehe 5 Agosti.


MzeeWaLushoto (28 Mei)

Nimesoma mara mbili, ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti.

Mwambie dada yangu hivi: huku maua hayafuati mvua kama kwetu, yanafuata theluji inavyoyeyuka, kwa hiyo yanapanda mlima. Catherine Creek mwezi wa tatu na wa nne, Dog Mountain wa tano. Kuanzia mwisho wa Juni yatakuwa Silver Star, ni upande wa Washington huko huko, na ukianzia Grouse Vista unalipia pasi ya jimbo, siyo ile ya dola 5. Njia ina mawe, goti lipumzishwe vizuri kwanza. Mwisho wa Julai yatakuwa yamefika Paradise, kwenye Mount Rainier, mita zaidi ya 1,600, na kule kuna njia za lami zinazopita katikati ya maua kabisa. Ataondoka yakiwa yamechanua.

Mimi nitapanda Dog Mountain tena Alhamisi ijayo. Niambie ile kona iko baada ya Puppy kwa mwendo gani, upande wa mto au wa mlima. Nitapita na chupa ya maji niumwagilie.


BintiMakete (28 Mei)

Upande wa mto, kama dakika kumi ukishaiacha Puppy. Tazama mawe matatu, la katikati ni jeupe. Mama anasema mwagilia jioni, siyo saa sita.